Mbao za Daraja la Lumanya

Constance hakuisikia filimbi. Mto Mutambala ulikuwa umejaa tangu Pasaka, mvua ya milimani ikiteremka na magogo na matope, na mtu aliyekuwa ng'ambo shambani hakusikia kingine ila maji. Alichoona ni wanawake wa mashamba ya chini wakikimbia, mmoja akiwa amekiacha kikapu chake katikati ya matuta. Ndipo akajua. Akatupa jembe, naye akakimbia.

Shamba lake lilikuwa la mwisho, juu kabisa. Bertin, mumewe, alilifyeka mwenyewe mwaka walipooana, akisema udongo wa juu hauchukuliwi na maji. Kutoka pale hadi darajani ulikuwa mteremko mrefu, na siku ile uliteleza kama sabuni. Alianguka, akainuka, akaanguka tena. Alipofika mtoni wenzake wote walikuwa wameshavuka.

Daraja la Lumanya ni la kuning'inia. Kila upande una nguzo mbili za zege. Juu kuna nyaya nene za chuma za kushika kwa mikono, chini kuna nyaya nyingine, na juu ya hizo za chini mbao zimepangwa na kufungwa kwa waya mwembamba mpaka ng'ambo. Shirika moja lililijenga, likapiga picha, likaondoka. Kijiji kikamchagua Bertin kuwa mlinzi wake, abadilishe mbao zilizooza na kukaza waya uliolegea. Lakini tangu mwaka uliopita, watu wenye silaha walipovuka mchana kweupe na kuchoma nyumba za upande wa soko, kazi yake ilikuwa imeongezeka. Habari mbaya ikija, apige filimbi, watu wavuke, kisha ang'oe mbao kuanzia upande wa mashamba, akirudi kinyumenyume hadi kijijini. Mtu mwepesi bado angeweza kupita juu ya nyaya tupu, lakini kwa mikono yote miwili, pole pole, na asiweze kushika bunduki.

Bertin alikuwa amechuchumaa juu ya mbao zilizobaki, mbele yake pengo. Halikuwa pengo kubwa bado. Constance aliona mpaka doa la mafuta kwenye shati lake.

Bertin akainua kichwa, akamwona.

Jambo hilo Constance hakulitilia shaka hata siku moja baadaye. Aliinua mikono yote miwili. Bertin alimtazama, kisha akageuka nyuma, ambako kapita, yaani mkuu wa kijiji, Placide, alikuwa akipunga shati hewani huku wanaume wakipiga kelele ambazo mto ulizimeza zote. Bertin akamtazama tena mkewe. Kisha akainama, akakata waya wa ubao uliofuata.

Mwanzoni Constance alifikiri amekosea, kwamba Bertin anafungua ubao mmoja ili afunge mwingine. Ubao ukainuka, ukapelekwa nyuma. Ukafuata mwingine. Mumewe akawa mdogo, akirudi nyuma, mgongo umeinama, mpaka alipokanyaga ardhi ya kijiji.

Alijaribu nyaya. Alivua kandambili, akashika zile za juu, akaweka mguu kwenye ule wa chini. Ulikuwa umelowa, nao ulizunguka chini ya unyayo wake kama kitu chenye uhai. Daraja lisilo na mbao lilikuwa jepesi mno. Kila upepo ulilirusha. Chini yake gogo zima, na mizizi yake, lilipita likigeuka. Alirudisha mguu, akakaa chini penye nguzo.

Baadaye alipanda kurudi kwenye kibanda chake cha shambani. Hakukuwa na mahali pengine. Njia ya kulia iliishia kwenye kijito kilichojaa nacho; ya kushoto iliingia msituni; ya juu ilikwenda Bibokoboko, nyanda za juu, ambako kaka yake Henri alikwenda kununua ng'ombe na kurudishwa ndani ya turubai. Haikujulikana nani alimuua. Kijijini walisema tu: watu wa juu.

Karibu na kibanda alisikia mtu akihema. Akachukua jembe lake pale alipolitupa.

Nyuma ya migomba walikuwa wanawake wawili. Mmoja mzee, mrefu, amejifunga kitenge juu ya sweta ya wanaume, fimbo mkononi. Mwingine binti, amepiga magoti, paji la uso limeegemea shina la mgomba. Tumbo lake lilikuwa chini sana. Kwa nyuso zao na kwa jinsi walivyovaa, Constance hakuhitaji kuambiwa walikotoka.

"Mama, usitupige," yule mzee alisema. "Siko na kitu mukononi. Ni hii fimbo tu."

"Muko wangapi?"

"Ni siye babili."

"Na banaume benu?"

"Banaume betu bakishuka huku, bataonekana tena? We mwenyewe unajua."

Constance hakulishusha jembe. Binti alitoa sauti nzito, ya ndani, ambayo haikuwa ya kuomba wala ya kulia. Constance alikuwa amezaa mara moja tu, mtoto wake Aline, lakini sauti ile aliijua. Jembe likateremka lenyewe.

"Uchungu ulianza lini?"

"Jana, jua likitoka. Anaitwa Mugwaneza, ni muke wa mutoto wangu Ngabo. Mie ni Kabagwira. Infirmier, muganga wetu, alikimbia, na njia ingine imefungwa. Tukasema tushuke na daraja, tufike hospitali ya Baraka." Mzee akatazama chini, upande wa mto. "Daraja iko wapi?"

"Iko," Constance alisema. "Mbao ndiyo hakuna."

Waliingia kibandani mvua ilipoanza. Hakikuwa na ukuta wa mbele. Constance aliwasha moto kwa maganda ya mihogo, akachemsha maji kwenye sufuria ya kupikia mboga ya sombe, akamnywesha binti kidogo kidogo. Alimpapasa tumbo. Lilikuwa gumu, na mtoto alikuwa amelala upande, kichwa kwenye ubavu wa kushoto. Hata mtu asiyesoma ukunga angejua kwamba mtoto wa namna ile hatoki kwa kusukumwa.

"Anatoka?" Mugwaneza aliuliza. Kiswahili chake kilikuwa cha kuchagua neno kwa neno.

"Bado. Pumzika."

Mahali fulani mbali, juu, mlio wa bunduki ulisikika mara moja, kisha ukimya. Constance aliwaza kwamba wakija watu wa juu, hawa wawili watapona na yeye atakufa. Wakija wapiganaji wa upande wake, yeye atapona na hawa watakufa, au labda naye atauliwa kwa kuwa nao chini ya paa moja. Aliuzima moto kwa mguu. Wakabaki na moshi na harufu ya nguo mbichi.

"Kaka yangu balimuua kwenye njia ya kwenu," alisema ghafla. Hakujua kwa nini alisema. Labda kwa sababu ya giza la kibanda.

Kabagwira alikuwa akisugua mgongo wa mkamwana wake kwa kiganja.

"Alikuwa anaitwa nani?"

"Henri."

"Henri," mzee akarudia, pole pole, kama mtu anayepokea kitu kwa mikono miwili. Hakusema si sisi. Hakusema ni nyie mlioanza. Akaendelea kusugua mgongo.

Usiku ule hakuna aliyelala, na hakuna aliyekuja.

Kulipokucha, Mugwaneza hakuwa akitoa sauti tena. Midomo yake ilikuwa mikavu, na maumivu yakija alifumba macho tu. Constance aliteremka mtoni. Maji yalikuwa yamepungua kidogo, si sana. Upande wa pili aliona watu wamesimama penye nguzo, na juu ya nyaya aliona mtu mmoja anakuja, amejifunga kamba kiunoni, na mgongoni amebeba mbao chache.

Ilimchukua Bertin muda mrefu kufika. Kila ubao aliouweka aliufunga kwa pindo moja la waya, akaukanyaga, akageuka kuufungua ule wa nyuma, akauleta mbele. Hivyo hivyo, kama mtu anayebeba njia yake mwenyewe. Alipokanyaga ardhi alitaka kumkumbatia. Constance akarudi hatua moja nyuma.

"Aline alilala?" aliuliza.

"Alilala kwa Rosette, muke ya kapita. Alikuwa analia jina yako." Macho ya Bertin yalikuwa mekundu. "Twende, Mama Aline. Kapita alikataa usiku muzima. Asubuhi ndiyo amekubali, akasema we tu, upite mbio, halafu mbao zirudi."

"Kuja kwanza uone kitu."

"Hatuna muda."

"Kuja."

Kabagwira alikuwa amemleta binti mpaka kwenye kichaka cha karibu, amemkokota zaidi kuliko kumtegemeza. Bertin alipowaona alimshika mkewe mkono, akamvuta pembeni.

"Hawa ni batu ya juu!"

"Najua."

"Placide akibaona? Mama yake aliungulia ndani ya nyumba, mwaka jana ile. Atasema nimebavusha maadui kwa mikono yangu."

Constance aliutoa mkono wake. Jambo alilokuwa amelibeba tangu jana lilitoka kwa sauti ndogo kuliko alivyotarajia.

"Jana uliniona?"

Bertin akatazama chini.

"Baba Aline. Nakuuliza. Uliniona?"

"Nilikuona."

"Ukakata."

"Nikakata." Alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Balikuwa banapiga kelele kama bale batu banafika. Aline alikuwa pale nyuma, na batoto bote. Nikasema mu roho: Mama Aline anajua kujificha."

"Na bale batu balifika?"

"Hapana. Balipita njia ingine."

Maji yalinguruma. Constance alikuwa amefikiri kwamba akisikia jibu atapiga kelele, au atampiga kofi. Badala yake alimwelekeza kwa kidevu upande wa kichaka.

"Huyu hajui kujificha. Muangalie. Umemuona?"

Bertin alimwangalia. Mugwaneza alikuwa amekaa kwenye matope, miguu imenyooshwa mbele, mikono imekumbatia tumbo. Hakumwomba kitu. Pengine hakuwa na nguvu ya kuomba. Bertin akafungua kamba kiunoni mwake, akaenda kuchuchumaa mbele ya binti.

"Mama, nitakufunga hii. Usiogope."

Kabagwira alikataa kuvuka. Mbao hazikutosha watu wanne, alisema, na mtu wa kupeleka habari kwa Ngabo hakuwepo mwingine. Alimwekea mkamwana wake mkono kichwani, akasali kwa lugha yao, maneno machache. Kisha akamgeukia Constance.

"Akifa usimuache afe peke yake," alisema. Akaichukua fimbo yake, akaanza kupanda. Hakugeuka nyuma.

Walivuka hivi: Bertin mbele akiweka mbao, Mugwaneza katikati amefungwa kamba kwake, Constance nyuma akizifungua mbao walizokwisha kupita na kumpitishia mumewe juu ya bega la binti. Kila hatua ilikuwa kazi. Daraja lilitupa kushoto, likatupa kulia. Mara mbili uchungu ulimkamata Mugwaneza, naye akasimama, vidole vimekaza kwenye waya, wote wakasubiri. Constance hakutazama chini. Alitazama kisogo cha binti, nywele zilizosukwa vizuri na mtu fulani siku chache zilizopita, mtu aliyetaka apendeze siku ya kuzaa.

Walipopita katikati, watu wa kijijini waliwaona kuwa ni watatu.

Placide alitoka mbele. Alikuwa mwanaume mfupi, mwenye sauti iliyoweza kuushinda mto.

"Bertin! Simama hapo! Nani huyo?"

"Ni mama ya mimba!"

"Wa wapi?"

Bertin hakujibu. Kutokujibu kwake kulitosha.

"Mumurudishe!" Placide aliruka juu ya lundo la mbao zilizong'olewa jana, akasimama hapo. "Hapiti mutu! Mumurudishe kule!"

Bertin alinyoosha mkono nyuma kupokea ubao. Wakati huo huo uchungu ukamkamata binti, akayumba, kiwiko chake kikaugonga ubao mikononi mwa Constance. Ukateleza. Walisikia sauti yake ikigonga waya, kisha hawakusikia kitu. Mto uliuchukua bila hata kurusha maji.

Sasa mbao zilizobaki zilikuwa chini ya miguu yao tu. Ule ambao Bertin angehitaji mbele ndio huo Constance aliokanyaga. Mbele, nyaya tupu. Nyuma, nyaya tupu. Constance aliinamisha kichwa pembeni, akamwona Bertin amesimama mikono imefunguka, hajui la kufanya, na kwa mara ya kwanza tangu jana alimwonea huruma, kwa sababu sasa wote wawili walikuwa mahali pamoja.

"Placide!" Bertin alipaza sauti. "Tupe mbao! Bibi yangu iko huku!"

"Muachilie huyo, nitakupa!"

"Nitamuachilia aende wapi?"

Ndipo Mugwaneza akapiga ukelele. Tangu usiku alikuwa amenyamaza, na labda alikuwa ameuweka wote kwa saa hiyo. Haukuwa na lugha, si ya juu wala ya kijijini. Ulikwenda juu ya maji mpaka kwenye ukingo, na wanawake waliokuwa wamesimama nyuma ya wanaume wakaanza kusukumana.

Wa kwanza kutoka alikuwa Rosette, mke wa Placide mwenyewe. Alikuwa na Aline mgongoni. Alimfungua, akamkabidhi jirani. Akaenda mpaka kwenye lundo alipokuwa amesimama mumewe, akainama, akashika ncha ya ubao uliokuwa chini ya miguu yake.

"Toa muguu," alisema.

"Rosette, unajua bale batu balifanya nini kwa mama yangu."

"Najua. Mie ndiye nilimuosha. Toa muguu."

Hakuna aliyejua angefanya nini. Placide alikuwa amekunja ngumi. Rosette hakuinuka, aliendelea kuvuta ubao kama mtu anayevuta kuni kwenye tita, pole pole, bila hasira. Mwanamke mwingine akaja, akashika wa pembeni. Akaja wa tatu. Placide akashuka kwenye lundo. Hakusema amekubali. Alikwenda kukaa mbali, mgongo kwa mto, kofia imeshuka machoni.

Wanawake waliziweka mbao wenyewe, wakipitishiana mkono kwa mkono, Rosette mbele ya wote, mguu wake mpana ukijaribu kila ubao kabla ya kuuamini. Hakujua kufunga waya. Alifunga kwa vipande vya kitenge. Alipomfikia Bertin alimpita kwa ubavu, akamshika Mugwaneza mikononi.

"Yote iko sawa, mwanangu," alimwambia. "Kanyaga pale nakanyaga."

Pikipiki ilimpeleka binti Baraka, Constance nyuma yake akimshikilia, dereva akilalamika njia nzima juu ya matope. Hospitalini walimpasua siku hiyo hiyo. Mtoto alitoka wa buluu, wakampiga mgongo, wakamnyonya kamasi, akalia. Alikuwa wa kike. Mugwaneza alipoamka alimuuliza Constance jina la mama yake mzazi. Constance akamwambia ni Marthe. Mtoto akaitwa Marthe Umwiza.

Lakini habari njema ile ilikuwa na ukuta pande zote. Kidonda kilipopona, Mugwaneza hakuwa na pa kwenda. Kupanda, njia ilikuwa imefungwa. Kutembea mjini, aliogopa uso wake mwenyewe. Aliishi kwenye ua wa hospitali, kati ya kamba za kuanikia nguo na jiko la wagonjwa, na hakulivuka geti. Constance alikwenda kila alipoweza, na bugali na dagaa ndani ya sahani iliyofunikwa. Wiki nyingi zilipita kabla ya simu kupatikana iliyoshika huko juu. Kabagwira alikuwa amefika. Miguu ilikuwa imevimba, Ngabo alisema, lakini alikuwa amefika, na swali lake la kwanza kila siku lilikuwa kama mtoto ananyonya vizuri. Mugwaneza alilia kwa furaha, kisha akaendelea kulia, na Constance hakujua tena analilia nini.

Nyumbani, Constance alipika, akafua, akamsuka Aline. Aliongea na Bertin mambo ya nyumba. Usiku mmoja Bertin alianza, "Mama Aline, ile siku..." naye akamwambia, "Lala." Haikuwa hasira. Lilikuwa jambo lililokaa katikati ya chumba, na wote wawili walijifunza kulizunguka. Kuondoka hakungewezekana: kwao Lweba ndugu zake walikuwa wamejaa kwenye nyumba moja, na mihogo yake na Bertin yote ilikuwa ng'ambo. Ikawa kwamba chakula chao kiko upande ule, maisha yao upande huu, na katikati mto na mtu mwenye koleo la kukatia waya.

Mwezi wa sita maji yakapungua, mbao zikarudishwa zote. Bertin alikwenda kwa Placide, ambaye tangu siku ile alikuwa hamsalimii, akamwambia atafute mlinzi mwingine. Wakamweka Wilfried, kijana asiye na mke.

Asubuhi ya kwanza wanawake walijipanga penye nguzo na vikapu vyao. Constance alikuwa karibu na mwisho. Mguu wake ulikataa kidogo ubao wa kwanza. Wilfried alijifanya hakuona. Constance aliposikia hatua nyuma yake aligeuka, akamwona Bertin amebeba jembe begani na chakula cha mchana ndani ya kitambaa.

"We unaenda wapi?"

"Shambani."

"Leo?"

"Kila siku," Bertin alisema. "Filimbi ikilia, itulilie siye babili upande moja."

Constance alimtazama kwa muda. Watu waliokuwa nyuma wakaanza kunung'unika kwamba njia imezibwa. Akageuka, akavuka, na Bertin akavuka nyuma yake, daraja likicheza chini ya uzito wao. Shamba walilikuta limemezwa na majani hadi kiunoni. Walianza kulima kutoka ncha mbili, wakielekeana, na jua likawa kali, na mahali fulani juu ya kilima sauti ya ng'ombe ilisikika, ikapotea.

Walipokaribiana, Constance alisimama kunyoosha mgongo. Aliangalia kazi ya mumewe. Alikuwa akikwaruza juu juu, kama mtu aliyesahau kulima.

"Chimba chini zaidi, Baba Aline," alimwambia. "Udongo ya hapa inataka nguvu."

Bertin akatemea mate viganja vyake, akainua jembe.